Neno Kufeli Limefutwa

9 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na roho iko pale Mungu alipoiweka, sijaihamisha. Hapa bati la jikoni limetoboka, jirani amejifungua mapacha kwa mara ya pili na sasa akimwona mumewe kwa mbali, yeye huvuka barabara amkwepe, na kwaya imenipa tena kushona sare za mwaka. Wale wa sauti ya kwanza waliokuwa wakinong'ona kwamba napunja kitambaa, leo wananiamkia mpaka chini. Usicheke. Nakujua, unacheka.

Mwanao Sindano hajambo. Tangu mama yake alipotutoka nawe ukanikabidhi, nimemlea kama yai. Urefu anaongeza, nyama zinamkwepa, ndiyo maana lile jina la utani limemganda mpaka leo na miaka yake ishirini na mmoja.

Sasa lile uliloniuliza, amefikia wapi na ushonaji. Unakumbuka zamani pale chuoni watoto walisomea cherehani ubaoni? Mwalimu anachora gurudumu kwa chaki, wao wananakili, na mwisho wa mwaka mtihani unawafyeka wote kama majani. Basi mambo hayo yamekwisha. Ndiyo maana ya ule mkataba uliousaini kama mdhamini kabla hujasafiri. Mwanagenzi anakaa dukani kwa fundi kama mimi, anajifunza kwa mikono yake, na fundi mwenyewe ndiye anayempima, sehemu kwa sehemu: kukata, pindo, zipu, mfuko, mkono, kola. Akimaliza zote, ofisi inampa cheti.

Juzi alikuja mkaguzi kutoka ofisini, kijana mpole, viatu vyake vinalia kwi kwi. Akanikabidhi mhuri. Mimi, mdogo wangu! Darasa la saba, na mhuri! Nikamuuliza, "Na ambaye hajui kitu, nimwandike kafeli?"

Akashtuka kama nimemtukania mama. "Mama, neno kufeli limefutwa. Siku hizi hakuna anayefeli. Unaandika Ameweza, au unaandika Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka aweze."

"Na nani atajua kwamba ameweza?"

"Wewe, Mama. Wewe ndiye fundi mwenyeji."

Alipoondoka nilipiga magoti palepale kwenye vipande vya vitambaa nikashukuru. Mfumo wenye huruma namna hiyo sikuwahi kuuona. Hakuna mtoto wa mtu kuaibishwa.

Sindano nimemgongea Ameweza kwenye kila sehemu, isipokuwa kola. Kola nimeandika Bado. Kola ndiyo uso wa shati, na uso haupakwi haraka haraka.

Nisamehe mistari inavyopanda na kushuka. Taa ya sebuleni imekuwa hafifu.

Dada yako anayekuombea kwa jina kila asubuhi


2 Machi

Dada, uliyenibeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda,

Barua yako nimeipokea, na kwa habari ya jirani nimecheka mpaka wenzangu bwenini wakadhani nimepata mchumba. Mimi nipo. Kazi ya dobi la hospitali hapa ugenini ni ileile: mashuka yanaingia yamechafuka kuliko dhambi, yanatoka meupe, kesho yanarudi. Simu yangu ilitumbukia kwenye mashine ya kufulia ikiwa mfukoni mwa koti. Ilitoka safi sana, ila haiongei. Kwa hiyo tuendelee na kalamu.

Dada, nina habari, kaa chini kwanza. Hapa hospitalini kuna chumba cha ushonaji: mashuka, magauni ya wagonjwa, sare za wauguzi. Msimamizi wake ni mama mmoja mkali, anaongea kama anakata bati, lakini mimi ananipenda kwa sababu namkunjia vitambaa vyake vizuri. Mmoja wa washonaji wake anastaafu. Nimemwambia nina binti. Akaniuliza, "Anajua?" Nikasema anajua. Akasema, "Alete cheti. Bila cheti hapati kibali cha kazi, na bila kibali hata awe malaika hashoni hapa." Atanishikia nafasi mpaka mwisho wa Septemba.

Dada, sijawahi kuwa na jambo jema namna hii mkononi. Kitanda cha kulala kipo, chakula kipo, na mshahara ni wa mtu mzima. Kilichobaki ni hiyo kola tu. Mkazanie.

Ndugu yako wa mashuka


20 Aprili

Mdogo wangu,

Usihesabu siku nilizokawia. Nilikuwa na sare za kwaya, kisha homa, kisha jirani na mapacha wake waliohamia kwangu siku mbili kwa ugomvi wa nyumbani. Nimewaombea wote, mume, mke na mapacha, na kila mtu amerudi kwake.

Nikwambie neno la kunifurahisha. Mchungaji aliagiza shati la mikono mirefu kwa ajili ya mkutano wa wachungaji. Jumapili iliyopita mkewe alinivuta pembeni baada ya ibada. "Mama Fundi, kola ile! Imesimama kama askari wa lindo. Wachungaji wote wanamuuliza mume wangu kaipata wapi." Tangu hapo nimepata oda za mashati kumi na kitu. Mungu humwinua mtu kwa njia asizozitazamia, hata kwa shingo ya mtu mwingine.

Habari ya hospitali nimeisoma, na nimemwambia Sindano. Alifurahi kupita kiasi, akaruka, akamwaga vifungo sakafuni. Nikaona hapo hapo kwamba moyo wake haujatulia. Mtu ambaye moyo wake uko safarini, mshono wake unakwenda kombo. Simu yake nimemhifadhia kwenye kabati langu ili isimchanganye. Amelia kidogo, halafu akaendelea na kazi, maana kwangu kulia hakuzuii kazi.

Mkaguzi kapita. Kola nimeandika Bado.

Dada yako


11 Mei

Dada yangu,

Nashukuru kwa yote. Hongera kwa shati la mchungaji.

Nauliza tu, kama mdogo anavyomuuliza mkubwa wake: shati lile ulishona mwenyewe? Nauliza kwa sababu mara ya mwisho nilipokuwa hapo ulimwomba Sindano akutungie uzi, na sindano ilikuwa ile nene ya kushonea magunia. Na barua zako, Dada, mistari yake siku hizi inapandana kama mbuzi. Kama ni miwani, niambie. Hapa kuna wataalamu wa macho, nawapelekea mashuka kila siku, hawawezi kuninyima ushauri.

Sina neno baya. Septemba inakimbia, basi.

Ndugu yako


3 Juni

Mdogo wangu,

Swali lako la shati nimelisoma, nikalifunika, nikalisoma tena. Nikakumbuka ulipougua surua nami nikiwa msichana wa miaka kumi na minne, nikakaa na wewe chumbani wiki nzima dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi. Hukuniuliza wakati ule kama uji nilipika mwenyewe. Ulikunywa.

Macho yangu ni ya Mungu. Akitaka kuyapunguza atapunguza.

Ulitaka kujua Sindano anajifunza nini, basi sikufichi. Anaamka kabla yangu. Anateka maji, anafagia duka, anafua, anapika, anamwogesha mama mzazi wa marehemu mume wangu, ambaye siku hizi hajitambui, kisha anakaa kwenye cherehani mpaka jua lizame. Kuna siku aliniuliza kwa sauti ile yake nyembamba, "Shangazi, kuogesha mgonjwa ni sehemu ya ngapi kwenye karatasi ya ofisi?" Kijeuri kweli kweli! Nikamjibu, "Ni sehemu ya unyenyekevu. Ofisi iliisahau, nimeiongeza mwenyewe."

Nilimweleza mke wa mchungaji, tukacheka mpaka tukashikana. Lakini jioni nilimfungia chakula chake kabatini, akalala bila kula, ili lile neno lizame vizuri. Unajua mimi simpigi mtoto. Sijawahi kumpiga mtoto.

Wako katika maombi,
Dada


28 Julai

Dada,

Mwandiko huu si wangu. Ananiandikia mwenzangu wa kitanda cha juu, mimi nasema, yeye anatia wino. Nina kidonda kidogo mkononi, si kitu cha kupotezea usingizi. Msalimie bibi mgonjwa. Mungu akulipe kwa kumtunza.

Dada, Sindano ameniandikia. Barua aliituma kwa kupitia msichana mmoja wa kwaya yenu. Naomba usimkasirikie. Hakusema neno baya juu yako. Aliandika maneno machache tu: "Baba, kola zangu zinavaliwa na wachungaji, na mimi bado ni Bado." Akanieleza kwamba kuna kanuni. Mwanagenzi akiandikiwa Bado mara tatu kwenye sehemu moja, na yeye amekwisha kufikisha tatu, anaweza kupimwa na mtu wa nje, fundi mwingine asiyemjua. Lakini maombi lazima yatoke kwa aliyesaini mkataba, yaani mimi.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Nimeona nikiandika ofisini moja kwa moja nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya watu. Wewe ndiye uliyenilea. Siwezi kukusemea kwa mkaguzi kama mtu anayemshtaki jirani. Kwa hiyo maombi yangu nimeyaandika, yamo humu ndani ya bahasha hii, sikuyafunga, ili uyasome kwanza. Ukiona hayana ubaya, mkabidhi mkaguzi kwa mkono wako mwenyewe. Hapo itaonekana tumekubaliana kama ndugu, na hakuna atakayesema kitu.

Sifanyi jambo nyuma ya mgongo wako, Dada. Mwisho wa Septemba, usisahau. Na mkataba wangu mwenyewe hapa unakwisha Desemba, ningependa Sindano anikute ili nimtambulishe kwa watu.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Huyo anayekuandikia ana mwandiko wa mtu mwenye haraka ya kwenda kuoa. Mwambie apunguze mikia kwenye herufi zake, nilidhani barua imetambaliwa na siafu. Nilimpa jirani anisomee. Kidonda chako kipake asali, kisha kifunge kwa kitambaa cha pamba, si cha nailoni.

Huku tumepata baraka. Kwaya yetu ilishika nafasi ya kwanza kwenye mashindano, na waamuzi walisema wazi kwamba hata mavazi yalichangia. Yule msichana aliyekuwa akibeba barua za watu nilimwondoa kwenye orodha ya sare, akaimba na nguo zake za nyumbani, akawa kama kunguru katikati ya yangeyange. Nadhani amejifunza. Mimi mwenyewe nilimwendea baadaye nikamkumbatia, nikamwambia nimekusamehe. Alitetemeka. Watoto wa siku hizi hawajazoea kusamehewa.

Bibi mgonjwa anakusalimu, ingawa amekuita kwa jina la mwingine. Bati la jikoni limezibwa. Jirani na mumewe wamepatana, sijui kwa muda gani.

Sindano hajambo, ila amekuwa mkimya. Ukimwuliza anajibu "ndiyo" au "hapana" kama anayelipishwa kwa neno. Mimi napenda ukimya kwenye duka, wateja wanaona kuna heshima. Mkaguzi alipita. Kola Bado.

Nakuombea sana. Funga kidonda.

Dada yako

Na jambo dogo la mwisho: ofisi ya mkaguzi imehamia ghorofa ya nne, na magoti yangu unayajua.


7 Oktoba

Dada,

Shikamoo.

Yale maombi ulimpa mkaguzi? Alipopita dukani mwezi wa nane alikuwa amesimama mbele yako. Hukuhitaji kupanda ngazi yoyote.

Nafasi imekwenda. Msimamizi alinisubiri mpaka tarehe thelathini jioni, akaniita, akasema, "Baba, nilikushikia nilivyoweza." Amemchukua msichana mwingine. Leo nimepokea mashuka yake ya kwanza kwa ajili ya kufua. Pindo linakwenda kama mlevi anayerudi nyumbani. Lakini ana cheti.

Sitakuficha tena. Mkono wangu wa kulia uliingia kwenye pasi kubwa ya mvuke mwezi wa sita. Vidole vitatu havikunjiki, na dobi halina haja na mkunjaji asiyekunja. Mkataba hawataurudia. Desemba natakiwa kuwa nimetoka bwenini. Nilitaka Sindano aingie kabla sijatoka, ili nyumba yetu ibaki na mguu mmoja hapa. Sikukwambia kwa sababu sikutaka kukutia huzuni.

Dada, mpe mwanangu haki yake. Kola zake umeziuza, umezisifu, umeziombea. Mpe neno moja tu, ndilo lake.

Na mimi sina pa kufikia ila kwako. Najua nimeandika mambo mawili yasiyokaa pamoja kwenye barua moja. Yapokee hivyo hivyo.

Mdogo wako


25 Oktoba

Mdogo wangu, damu yangu,

Barua yako imenitoa machozi mpaka jirani akaacha kuisoma akaja kunishika. Mkono wako! Mkono ule niliokuwa nikiuosha kwa maji ya moto kila jioni. Kwa nini ulinificha? Kati yangu na wewe kumewahi kuwa na siri gani?

Mlango wangu uko wazi. Chumba cha nyuma, kile cha vitambaa, nitakitoa mizigo, kitatosha kitanda na sanduku. Utakula tunachokula. Hutaombaomba kwa watu mimi nikiwa hai, hilo ondoa kabisa moyoni.

Na kwa kuwa umenifungulia moyo, nami nakufungulia wangu. Tangu mwaka jana uzi nauona kama ukungu, na tundu la sindano silioni kabisa. Kukata bado nakata, kwa kupapasa na mazoea. Kola siwezi. Kila kola iliyotoka dukani kwangu mwaka huu ameishona mwanao. Umeridhika? Sasa na wewe unijibu: akiondoka, nani atashona? Na mimi nisiposhona, nyumba hii inakula nini, bibi mgonjwa anakula nini, na wewe ukija na mkono mmoja utakula nini? Siulizi kwa hasira. Nauliza kama mama.

Maombi yako kwa mkaguzi nilisomewa. Yaliandikwa vizuri. Yako kwenye Biblia yangu, nayaombea. Sindano aliniuliza mara moja kama uliandika ofisini. Nilinyamaza. Akaniuliza tena, "Baba alikataa?" Nikaendelea kunyamaza. Kunyamaza si kusema uongo, hata mchungaji anajua hilo. Alichoelewa ni chake.

Sasa sikiliza. Mkaguzi alikuja Jumatatu, na viatu vilevile. Mfumo umefutwa tena! Wale wageni waliokuwa wakiugharimia wamemaliza muda wao wakarudi kwao, na wamekuja wengine na mfumo wao. Sasa hakuna sehemu, kuna ngazi. Mhuri wangu ameuchukua, kanipa mwingine wenye mpini mrefu zaidi. Nikamuuliza, "Na Bado je?"

"Limefutwa, Mama. Lilikuwa linawavunja moyo vijana. Siku hizi tunaandika Anaendelea."

Kwa wale ambao hawakumaliza, kuna milango miwili. Mdhamini akisaini karatasi ya kuhamisha, mwanagenzi anaanza ngazi ya kwanza na fundi wake yuleyule, miaka mitatu. Asiposaini mpaka mwisho wa Novemba, basi mwanagenzi anaitwa chuoni, anapimwa siku hiyohiyo na watu wa ofisi, na akiweza anapewa cheti na kwenda zake. Nakueleza milango yote miwili, ili usije ukasema dada yako alikuficha kitu.

Karatasi ya kuhamisha nimeiweka humu. Kwa waliokwisha kuanza, saini ya mdhamini peke yake inatosha, yeye haulizwi. Sikulazimishi. Mungu hapendi mtu alazimishwe. Wewe fikiria tu hicho chumba cha nyuma, na nani atakuwa akikipikia.

Nakusubiri kwa upendo,
Dada yako


19 Novemba

Dada,

Huu mwandiko mbaya ni wangu. Nimejifunza mkono wa kushoto.

Karatasi uliyotuma nilikaa nayo chini ya mto. Siku ya kwanza nilisema naichana. Siku ya pili nilimwomba Msimamizi kazi ya kufagia, akasema wafagiaji wana mikono miwili. Niliuliza kanisani, niliuliza kwa watu wa nyumbani walioko hapa, kila mtu ana ndugu yake. Kisha mvua ikanyesha usiku kucha juu ya bweni, na mimi nikawaza tarehe.

Nimesaini. Imo humu ndani. Kama ofisi haitaitambua saini, waambie ni mimi, mkono ndio umebadilika.

Miaka mitatu si mingi. Atakuwa bado kijana. Nitakapofika nitamsaidia kazi za nyumbani, nitamwogesha bibi, yeye apumzike.

Naomba kitu kimoja tu. Usimwambie Sindano kwamba nilikuwa na mlango wa pili. Mwambie sheria imebadilika. Hilo si uongo, Dada, si imebadilika kweli?

Nitafika Jumanne ya kwanza ya Desemba, kwa basi la asubuhi.

Mdogo wako


29 Novemba

Mdogo wangu,

Karatasi imefika salama, na mkaguzi ameipokea bila swali, akagonga mhuri wake juu ya goti langu kwa sababu meza ilijaa mashati. Tumecheka.

Chumba chako kiko tayari. Godoro nimelianika siku tatu. Jirani amekuletea mto.

Lile uliloniomba kuhusu Sindano nililitafakari katika maombi, nikaona haitafaa. Utakaa naye chini ya paa moja, mtakula sahani moja, na nyumba ya mcha Mungu haijengwi juu ya mambo yaliyofichwa. Kwa hiyo nilimwita, nikamkalisha, nikamweleza yote kwa upole: milango ilikuwa miwili, na baba yako ndiye aliyeufunga mmoja.

Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, ulisaini kwa mkono upi. Nikamwambia wa kushoto, maana wa kulia uliungua kwenye pasi.

Akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi pasi ilikosea mkono."

Nilimkemea vikali, kwa sababu hayo si maneno ya mtoto kwa mzazi wake. Halafu nikamwacha amalize kola, mteja alikuwa amesimama mlangoni.

Safari njema. Mungu akuongoze mpaka kwetu.

Dada yako